Fitingi za ombwe za kushikia kipande kwenye CNC: chuchu, za kuchomeka, kamloki au flanji?

Ukifika dukani kutafuta fitingi ya kuunganisha pampu ya ombwe (inayofyonza hewa chini ya kipande ili presha ya nje ikibane mezani) na meza ya mashine ya CNC (ya kukata kwa kuongozwa na kompyuta), swali la kwanza utakaloulizwa ni saizi: robo, nusu, au inchi mbili? Hilo kwa kweli ni swali la pili. La kwanza ni hili: meza yako inameza hewa kiasi gani wakati kipande kimeshikwa? Bamba la alumini lililokaa juu ya raba halimezi karibu chochote. Ubao wa MDF (wa unga wa mbao uliobanwa) uliolazwa juu ya MDF nyingine unameza hewa kwa mwili wake wote, tangu unapowasha hadi unapozima. Fitingi inayolitosha bamba itaunyima ubao nguvu, na inayoutosha ubao ni pesa iliyotupwa kwenye bamba.

Tuanze na tundu dogo, kwa sababu hapo ndipo ugomvi wote ulipo. Tundu la milimita 1 lililo wazi kwa hewa ya nje hupitisha takriban lita 7 za hewa kwa dakika. Ombwe likishapita nusu ya presha ya anga, kiasi hicho hakiongezeki tena hata ufunge pampu ya aina gani, maana hewa tayari inapita pale kwa kasi ya sauti. Sasa chukua pampu ndogo ya mita za ujazo 5 kwa saa, yaani lita 83 kwa dakika. Presha iliyobaki ndani ya bomba ikishuka hadi milibar 80, lita 83 za hewa hiyo nyembamba ni sawa na lita 7.5 tu za hewa ya Kampala. Tundu moja la milimita 1, au hesi moja (meno ya kuzungushia) iliyokazwa vibaya, linatosha kuisimamisha pampu hiyo hapo hapo.

Na huku kwetu pampu inaanza ikiwa nyuma. Kampala ipo mita 1,190 hivi juu ya usawa wa bahari, na presha ya anga ni kama milibar 880, wakati Mombasa ni 1,013. Geji ya mshale hupima tofauti ya ndani na nje, kwa hiyo Kampala haiwezi kusoma zaidi ya bar 0.88 chini ya sifuri, hata ukiifungia pampu ya maabara. Geji ya inchi za zebaki itakwama kwenye 26, ya sentimita kwenye 66. Kabale, karibu mita 2,000, kikomo ni bar 0.80. Kitabu cha mashine kinachosema usianze kukata kabla ya bar 0.85 kiliandikwa na mtu aliye karibu na bahari. Ukikifuata neno kwa neno utabadilisha fitingi zote ukisaka uvujaji ambao haupo. Wala usiiamini programu ya hali ya hewa kwenye simu: ile 1,015 inayoionyesha kwa Kampala imerekebishwa kana kwamba uko ufukweni.

Kwa kazi ya kila siku hesabu bar 0.75, sawa na nyutoni 7.5 kwa kila sentimita ya mraba iliyo ndani ya raba. Bamba la milimita 200 kwa 150, raba ikizunguka eneo la 180 kwa 130, linashikwa kwa nyutoni 1,755, karibu kilo 179 kuelekea chini. Ni nguvu nyingi, lakini kisu husukuma pembeni. Alumini juu ya alumini yenye maji ya kupoza ina msuguano wa 0.15 hivi, kwa hiyo pembeni unabaki na kilo 27 tu. Hakuna fitingi itakayokuokoa hapo. Weka pini za kuzuia, mbili upande mrefu na moja upande mfupi, ndipo urudi kwenye fitingi.

Hesi kabla ya fitingi

Fitingi yoyote utakayochagua itaingia kwenye bamba la kushikia kipande, koki au pampu kwa hesi, na hesi ndiyo inayovuja mara nyingi kuliko mpira. Madukani kwetu ya kawaida ni BSP, kipimo cha Kiingereza, ambayo pembe ya meno yake ni nyuzi 55. Mashine na pampu za Kimarekani huja na NPT, ya nyuzi 60. Kwenye robo utagundua kosa mapema: BSP ina meno 19 kwa inchi, NPT ina 18, na fitingi itagoma baada ya mizunguko michache. Hatari ipo kwenye nusu na robo tatu, ambapo zote mbili zina meno 14. Inaingia vizuri, inakaza, fundi anaridhika, lakini pembe za meno hazilingani na kunabaki njia nyembamba inayozunguka kama ngazi ya mnara hadi ndani. Kwa maji tepu nyingi huificha njia hiyo. Kwa ombwe haifichiki.

BSP yenyewe ni mbili. Ya mteremko, inayoandikwa R, huziba kwenye meno yenyewe kwa msaada wa tepu. Ya sambamba, inayoandikwa G, huziba usoni, kwa oringi (pete ya raba) au washa ya chuma yenye raba katikati. Kwenye bamba la alumini chagua G bila kusita. Hesi ya mteremko ikifunguliwa na kukazwa mara kadhaa hutanua meno ya alumini, na ukizidisha nguvu bamba jembamba linapasuka kona. G unaweza kuifungua kila siku, ilimradi uso unaokalia oringi uwe umesawazishwa kwa mashine, si kwa tupa.

Ukitumia tepu, izungushe kuelekea upande wa kukaza, mizunguko minne hadi sita, na uliache jino la kwanza likiwa wazi. Kwenye kompresa kipande cha tepu kilichokatika hutupwa nje. Kwenye ombwe husafiri kuelekea pampu, kikanase kwenye vali ya njia moja, na vali hiyo haitafunga tena sawasawa.

Chuchu ya meno dhidi ya fitingi ya kuchomeka

Kwa bamba la chuma au alumini ushindani wa kweli uko hapa.

Chuchu ya meno, ile inayovishwa mpira na kubanwa kwa klipu, ni fitingi ya kizamani, na ombwe linaipendelea. Kwenye kompresa presha huuvimbisha mpira na kuusukuma utoke. Kwenye ombwe hewa ya nje inaubana mpira juu ya meno, kwa hiyo klipu inafanya kazi nyepesi. Shida yake kubwa unaweza kuiona kwa jicho ukiisogeza karibu na taa. Chuchu za bei nafuu hutoka kwenye kalibu ya vipande viwili, na mshono wa kalibu unabaki kama uzi mwembamba uliosimama, unaokata meno yote kutoka juu hadi chini. Kila upande wa uzi huo mpira hauligusi brasi. Msasa wa namba 400, mizunguko ishirini kwa mkono kufuata duara, mshono unaisha na uvujaji unaisha.

Klipu za kukaza kwa bisibisi nazo zina hila yao. Kwenye mpira mwembamba kuliko milimita 15 hivi, klipu haikai duara. Inakuwa kama yai, na chini ya kichwa cha skrubu panabaki nafasi. Weka klipu mbili, vichwa vikitazamana pande tofauti. Na unapotoa mpira wa zamani usiuchane kwa kisu kwa urefu juu ya chuchu, maana ncha ya kisu inaacha mkwaruzo unaopita meno yote, yaani ule mshono uliouondoa kwa msasa umeurudisha mwenyewe. Mwagia maji ya moto, zungusha, vuta.

Mpira wenyewe? Mpira mwembamba wa petroli unajikunja na kujifunga. Mpira wa PVC unaong'aa wenye nyuzi ndani huvumilia ukiwa wa milimita 10 au 12, ila kwenye kona karibu na injini ya moto hulainika na kubonyea. Uliotengenezwa kwa kazi hii hasa unauzwa kila penye vipuri vya magari: mpira wa busta ya breki. Ndani ya gari unabeba ombwe kutoka kwenye injini miaka yote, hausinyai, na kwa gari dogo huwa na tundu la milimita 10 hivi. Pamoja nao chukua vali yake ndogo ya plastiki ya njia moja, tutaihitaji mbele.

Fitingi ya kuchomeka ni safi, ya haraka, na inakubali kubadilishwa na mtu asiye fundi. Ndani ina pete ya meno inayoushika mrija na raba inayouziba. Raba hiyo ndiyo ya kuulizia. Nyingine ni oringi ya duara, inaziba pande zote. Nyingine ina mdomo uliogeukia ndani, na presha ya kompresa huufungua mdomo huo ukakandamiza mrija. Ukiiweka kwenye ombwe, hewa ya nje inaukunja mdomo na kupita. Kwa hiyo usinunue fitingi ya kuchomeka iliyoandikwa bar 0 hadi 10 peke yake. Tafuta ile ambayo jedwali lake linaanzia chini ya sifuri: −100 kPa, −0.95 bar, au −29.5 kwa inchi za zebaki. Hata hizo watengenezaji hawaziahidi kutovuja kabisa. Zinafaa pampu ikiwa inaendelea kuvuta, hazifai pale unapotaka kufunga koki na kushikilia ombwe bila pampu.

Saizi za milimita na za inchi hazichanganyiki, ingawa kwa jicho zinafanana. Mrija wa inchi 3/8 una kipenyo cha nje cha milimita 9.5. Kwenye fitingi ya 10 utashikwa na meno lakini raba haitaugusa sawasawa. Wa nusu inchi ni 12.7, hauingii kwenye 12. Katika saizi hizi, wa 5/16 na wa milimita 8 pekee ndio wanaokaribiana kiasi cha kuelewana. Kata mrija kwa kikata-mrija, si kwa msumeno, ukae mraba, na sentimita mbili za mwisho zisiwe na mkwaruzo. Usiukunje mara tu unapotoka kwenye fitingi: mrija unaovutwa pembeni unaiinua raba upande mmoja. Upe sentimita 5 za kwenda moja kwa moja kabla ya kona.

Ukumbuke pia kwamba kipenyo kinachotajwa ni cha nje. Mrija wa poliuretani wa 12 una tundu la 8 ndani, wa 10 una 6.5, wa 8 una 5. Wa nailoni, ule wa breki za malori, ni mgumu zaidi lakini una ukuta mwembamba: wa 12 unakupa 9. Karibu na kisu nailoni ni bora pia kwa sababu chenga ya moto inatoboa poliuretani kama sigara inavyotoboa kaveera (mfuko wa plastiki).

Uamuzi wetu: upande wa meza, kuanzia kwenye bamba hadi kwenye vali ya njia moja, tumia chuchu au fitingi yenye oringi. Upande wa pampu, ambako uvujaji mdogo pampu inaumeza yenyewe, za kuchomeka hazina ubaya.

Kapla ya kompresa: tahadhari

Kila karakana ya Katwe, hapa Kampala, ina kapla za haraka za kompresa, na kishawishi cha kuzitumia ni kikubwa. Kapla ya kike ina vali ndani inayofungwa kwa spiringi ikisaidiwa na presha ya hewa kutoka nyuma. Ukigeuza mfumo kuwa ombwe, hewa ya nje inaisukuma vali hiyo kuelekea kufunguka, na iliyobaki kuizuia ni spiringi peke yake. Raba yake nyingi ni ya mdomo, na tundu ni la milimita 7 hivi, likiwa na kizuizi katikati. Kama ni lazima uwe na kapla kwa sababu unabadilisha mabamba mara kumi kwa siku, chukua isiyo na vali ndani, yenye oringi, uiwekee koki ya robo mzunguko kando yake.

Kwa ubao: kamloki, au hakuna

Kwenye ruta (CNC ya mbao) ya Ndeeba au Bwaise inayokata shiti za milimita 2,440 kwa 1,220, mazungumzo yanabadilika. Pampu ni ya mita za ujazo 100 hadi 250 kwa saa, na uvujaji mdogo wa fitingi ni tone kwenye mto ukilinganisha na hewa inayopita ndani ya ubao wenyewe. Kinachoua kazi hapa ni njia nyembamba. Mita 200 za ujazo kwa saa ndani ya mpira wa milimita 50 zinakwenda kwa mita 28 kwa sekunde. Zipitishe kwenye fitingi ya milimita 25 na zitahitaji mita 113. Hapo sehemu ya ombwe inapotea njiani. Geji iliyo kwenye pampu itaonyesha ombwe zuri, meza itakuwa na pungufu yake, na ubao unaweza kuteleza kisu kikiingia kona.

Kamloki ya inchi 2, ile ya pampu za maji ya umwagiliaji, inaimudu kazi hii vizuri: tundu pana, masikio mawili ya kukunja, raba bapa inayobadilishwa kwa kidole. Kwa pampu yenye hesi ya kike ya inchi 2, funga F, yaani dume lenye hesi ya kiume, na kwenye mpira weka C, jike lenye chuchu. Masikio yanapochakaa raba haibanwi tena. Weka kipande cha karatasi juu ya raba, funga, vuta. Karatasi ikitoka bila kuchanika, badilisha raba, na kama bado inatoka, jike limechakaa.

Mpira uwe ule wa kufyonzea wenye waya au plastiki ngumu iliyojizungusha ndani. Mpira bapa wa buluu wa kusukumia maji utalala kama utepe sekunde ile ile pampu inapowaka. Kona ya ghafla ya nyuzi 90 ibadilishwe na mbili za 45. Na kabla ya kulaumu fitingi, kwangua ngozi ya MDF ya chini pande zote mbili, milimita 0.5 hadi 1, maana uso wake umefungwa na kiwanda. Ziba kingo zake kwa rangi au vanishi. Sehemu ya meza isiyo na kipande ifunike kwa nailoni nene. Saa moja ya kazi hiyo inazidi fitingi yoyote utakayonunua.

Flanji za KF, na pampu za mafundi friji

Flanji za KF zinakuja na pampu zilizotoka maabara au hospitali: pete ya kati yenye oringi, kibano, nati ya masikio. Ndizo bora kuliko zote kwa kuziba na ni ghali kuliko zote. Kwa kushikia vipande uwezo wake mwingi haufanyi kazi. Kama pampu yako imekuja na KF25, iache hapo mdomoni kwa pampu, weka kigeuzi cha kwenda chuchu au hesi, usizipeleke mezani: chenga moja juu ya oringi na ubora wote umeisha.

Pampu ya fundi friji ndiyo rahisi kuipata Kampala, na mdomo wake wa kawaida wa robo si robo ya BSP. Ni hesi ya 7/16 yenye meno 20, ya kukaza bomba la shaba lililotanuliwa. Mpira wa gesi unaouzwa nao una tundu la milimita 5 hivi na pini ya kubonyeza vali mwishoni. Ondoa pini hiyo, au bora zaidi tumia mdomo wa 3/8 kama upo. Pampu hizi zinashuka chini sana lakini hewa zinazobeba ni kidogo, hivyo ni za bamba lenye raba tu. Na maji ya kupoza yakiingia, mafuta yake yanageuka chai ya maziwa.

Kwa haraka:

| Fitingi | Tundu halisi | Kwa bamba lenye raba | Kwa MDF | Inavyoharibika |
|---|---|---|---|---|
| Chuchu ya mpira wa 12 | mm 9 hivi | chaguo la kwanza | nyembamba mno | mshono, klipu ya yai |
| Kuchomeka, mrija wa 12 | mm 8 hadi 9 | ndiyo, yenye alama ya −100 kPa | hapana | raba ya mdomo, mkwaruzo |
| Kapla ya kompresa | mm 7 | epuka | hapana | vali inafunguka kinyume |
| Kamloki inchi 2 | mm 50 hivi | haina haja | chaguo la kwanza | masikio, raba |
| KF25 | mm 25 | kwenye pampu tu | kwa meza ndogo | chenga juu ya oringi |

Umeme ukikatika

Hili ndilo linalotenganisha mpangilio wa kitabuni na unaofanya kazi Uganda. Umeme ukienda, pampu inasimama, na hewa inarudi kupitia pampu yenyewe ikibeba mafuta hadi kwenye bamba. Spindo (mhimili unaoshika kisu) bado inazunguka kwa sekunde kadhaa. Kipande kikisogea hata nusu milimita, umepoteza sifuri yako, yaani pale vipimo vinapoanzia, na labda kipande chenyewe.

Panga hivi, kutoka mezani: bamba, geji, koki ya njia tatu, tangi, vali ya njia moja, chujio, pampu. Geji iwe karibu na bamba, kamwe si kwenye pampu. Mpira ukiziba katikati, geji ya pampu inafurahi na bamba halina kitu. Koki ya njia tatu iwe ya umbo la L, ili unapoachia kipande hewa iingie bila kufungua tangi. Ya umbo la T ina nafasi moja inayounganisha milango yote, na siku moja mtu ataigeuzia hapo. Koki ya gurudumu ya bomba la maji iache: shingo yake yenye kamba inapitisha hewa polepole siku nzima.

Vali ya njia moja ya busta inafunguka kwa nguvu kidogo sana na inatosha kwa mrija wa 10 au 12. Za brasi za maji zina spiringi inayoiba sehemu ya ombwe. Ukiweka geji ya pili kwa muda upande wa pampu, na mbili hizo zikatofautiana kwa zaidi ya bar 0.03 wakati kipande kimetulia, spiringi ni ngumu mno.

Tangi la lita 30 linakupa muda gani? Mfumo wa bamba unaovuja nusu lita kwa dakika utapoteza milibar 15 hivi kila dakika. Kutoka bar 0.80 hadi 0.65 ni dakika 10, zinazotosha kuwasha jenereta bila kukimbia. Kwa MDF inayomeza lita 500 kwa dakika, tangi hilo hilo linaisha kabla ya sekunde moja kupita. Kwa ubao basi usinunue tangi. Nunua swichi ya ombwe, uifunge upande wa meza, iisimamishe mashine mara tu geji inaposhuka chini ya kiwango ulichoweka.

Tangi la hewa la breki za lori linafaa: ni la chuma, la duara, na lina koki ya kumwagia maji chini, kwa hiyo linakuwa pia mtego wa maji ya kupoza. Angalia hesi zake. Mengi ya malori ya Ulaya yana M22 yenye hatua ya 1.5, na utahitaji kigeuzi. Jerikani usijaribu. Upande wake wa sentimita 25 kwa 35 utabebeshwa zaidi ya kilo 650 za hewa, na utakunjika kwa kishindo.

Jambo la mwisho kuhusu jenereta: kama pampu ni ya fezi tatu na jenereta ina mpangilio tofauti wa fezi, pampu itazunguka kinyume na kusukuma hewa yenye mafuta mezani. Tazama mshale wa mota kila mara baada ya kubadilisha waya.

Kujaribu kabla ya kukata

Weka kipande bapa cha alumini juu ya raba, vuta hadi geji itulie, funga upande wa pampu, hesabu sekunde 60. Mfumo wa lita 10 ukipanda kutoka −0.80 hadi −0.75, unavuja karibu nusu lita ya hewa kwa dakika, na hiyo inakubalika. Ukipoteza bar 0.2 katika muda huo, tafuta.

Povu la sabuni halisaidii, linafyonzwa ndani. Wengine huondoa pampu na kujaza presha kidogo ya kompresa ili povu lionekane, ila jaribio hilo linadanganya kwa fitingi zenye raba ya mdomo: chini ya presha zinaziba vizuri, chini ya ombwe zinavuja. Badala yake acha ombwe lifanye kazi, paka grisi kidogo kuzunguka kiungo kimoja kimoja, na utazame geji. Kiungo ambacho mshale unasimama baada ya grisi ndicho. Anza na hesi ya geji yenyewe, maana hiyo hukazwa kwa mkono mara nyingi na kusahauliwa, kisha koki ya kumwagia maji chini ya tangi, halafu ndipo uje kwenye fitingi.